Mchoraji Aliyeogopa Vidole

Baba Pacha alikuwa ameshachora vitabu kumi na kimoja vya watoto, na katika vyote hivyo hapakuwa na mtu hata mmoja mwenye mkono uliokamilika. Watu wa vitabu vyake walitia mikono mifukoni. Waliificha mgongoni kama wenye zawadi ya siri. Waliizamisha kwenye karai la povu, au waliivisha sweta zenye mikono ya kufika magotini hata pale hadithi ilipotokea kwenye joto la kuyeyusha lami. Katika kitabu cha nne kuna mwalimu aliyesimama mbele ya ubao ulioandikwa tayari, na chaki imelala chini sakafuni, kana kwamba imemaliza kazi na sasa inapumzika.

Wanyama ndio waliokuwa riziki yake. Kwato haina vidole. Punda wake mmoja, mwenye macho ya kudai haki, aliandikiwa barua na darasa zima. Lakini mkono wa binadamu ulikuwa umemshinda tangu chuoni, siku mwalimu wake alipoinamia karatasi, akatazama, akauliza kwa upole kama zile karoti zimewekwa pale kwa makusudi. Tangu siku hiyo Baba Pacha alijifunza kupiga chenga, na akawa hodari kweli kweli. Aliyejua siri yake ni mkewe peke yake. Au ndivyo alivyodhani.

Chumba chake cha kazi kilikuwa chumba cha kupigia pasi. Walipohamia nyumba hiyo, yeye na mkewe, ambaye ni muuguzi, walikubaliana kwamba upande wa dirisha ni wa mchoraji na upande wa mlango ni wa pasi na kapu la nguo. Makubaliano yalidumu wiki mbili. Kapu lilianza kujongea lenyewe, kisha mashati yakapata kamba juu ya meza, na mwisho Baba Pacha akawa anachora huku mguu wa suruali ukimpapasa sikio. Ukurasa wa kumi na tisa wa kitabu chake cha saba una kilima cha kahawia chenye umbo la pasi. Kilima hicho hakikuwa kwenye mpango, ila karatasi ilikuwa ya mwisho na mhariri alikuwa ameshapiga simu mara tatu.

Asubuhi yake ilikuwa na utaratibu ambao hakupenda uvurugwe. Mkewe akishatoka, na wale pacha wawili, wasichana wa miaka tisa, wakishaenda shule, alikuwa anaosha vikombe. Kisha ananoa penseli saba kwa wembe na kuzipanga kwa urefu. Kisha anabadilisha maji kwenye makopo mawili ya kusuuzia brashi. Kisha anasimama mbele ya kioo cha kabati na kufanya kile alichokiita kuvaa sura, kwa sababu aliamini huwezi kumchora bata aliyenuna kama wewe mwenyewe hujanuna. Alinuna mpaka bata akamjia. Tatizo ni kwamba sura nyingine zilikawia kumtoka, na siku za wanyama wakali pacha walichungulia kwanza mlangoni kabla ya kumwomba jambo lolote. Sura ikishapatikana, ni wakati wa chai. Kazi yenyewe ilianza saa nne na nusu. Yote yaliyotangulia aliyaita maandalizi, na mkewe alipouliza mbona maandalizi ni marefu kuliko kazi, alijibu kwamba hata chumba cha upasuaji kina maandalizi.

Basi siku moja mhariri wake alimpigia simu. Alikuwa mama mwenye sauti laini, ambaye neno lake "kidogo tu" liliwahi kumfanya Baba Pacha achore upya msitu mzima. Alisema ana hadithi nzuri sana, fupi, ya bibi mshonaji anayemshonea kila mtoto wa mtaa nguo moja moja. Kurasa ishirini na nne. Wiki nane. Mswada ulipofika, Baba Pacha aliusoma amesimama, kisha akakaa. Bibi anapima. Bibi anakata. Bibi anatunga uzi kwenye sindano. Bibi anashona kifungo, anapinda pindo, anafumua, anashona tena. Kila ukurasa ulikuwa na mikono, na kila mkono ulikuwa unafanya kazi. Alitafuta mahali pa kuchomeka punda, akakosa.

Alipiga moyo konde, akaanza. Kwanza alitumia mkono wake mwenyewe kama kielelezo, lakini mkono wa kuume ndio ulioshika penseli, kwa hiyo bibi mshonaji akawa wa mashoto tangu ukurasa wa kwanza, na vidole vyake vikatoka kama glavu iliyojazwa mchanga. Akamwomba mkewe. Mkewe alirudi kutoka zamu, akakaa, akashikishwa sindano, na baada ya dakika nne akawa amelala na sindano mkononi, amenyooka kama mlinzi. Akawageukia pacha. Mmoja alihesabu vidole kwenye mchoro, akahesabu tena, akamwita mwenzake aje ahesabu.

"Sita," mwenzake akathibitisha.

Baba yao aliwaeleza kuwa kile cha sita ni kivuli. Walitazamana, kwa adabu, wakaenda zao kucheza.

Wiki mbili zikayeyuka hivyo, na hapo ndipo mama mkwe alipowasili. Paa la nyumba yake lilikuwa linabadilishwa, fundi alikuwa amesema mwezi mmoja, naye aliamua kukaa kwa binti yake mpaka vumbi litulie. Alikuwa mshonaji mstaafu, mwanamke mfupi, msafi, mwenye sauti iliyozoea kushindana na cherehani sita kwa wakati mmoja. Hata alipotaka kunong'ona, mnong'ono wake ulipita ukuta.

Ndiyo maana Baba Pacha alisikia kila kitu. Jioni ya tatu, mama mkwe alimuuliza binti yake jikoni, kwa ule mnong'ono, ni lini hasa mumewe aliachishwa kazi. Binti alisema hajaachishwa, kazi yake ni ya nyumbani. Mama akasema anajua, anajua, hakuna aibu, mambo ni magumu kwa wengi. Kuanzia kesho yake alianza kumletea mkwewe habari za nafasi. Kuna shule inatafuta mtu wa getini. Kuna ghala linataka karani mwaminifu. Aliyasema hayo mezani akitazama sahani, kwa heshima, kama mtu anayeongea na mgonjwa kuhusu hali ya hewa. Baba Pacha alishukuru kila mara. Kumbishia mama mkwe hakuweza, na kumwonyesha kazi pia hakuweza, maana kazi yenyewe wakati huo ilikuwa bibi wa mashoto mwenye vidole kumi na kimoja.

Aliamua kuongeza bidii kwenye kuvaa sura. Huenda tatizo halikuwa vidole, alijiambia, huenda alikuwa hajamwelewa bibi mwenyewe. Asubuhi ya Jumatano alichukua shuka kwenye kapu la nguo, akajifunga kiunoni, akachukua mtandio wa mkewe akajitanda kichwani, akavaa miwani ya jua kwa kukosa miwani mingine, akachuchumaa mbele ya kioo. Akatoa ncha ya ulimi nje, kama wafanyavyo watu wanaotunga uzi, akaanza kutunga uzi usiokuwepo kwenye sindano isiyokuwepo, huku akijisemea kwa sauti nyembamba ya kizee kwamba macho siku hizi hayaoni, wajukuu zangu, macho hayaoni.

Mama mkwe alikuwa amekuja kuchukua pasi. Mlango ulifunguka, wakaonana kwenye kioo. Kisha mlango ukafungwa polepole sana, jinsi unavyofungwa mlango wa chumba alimolala mtoto mchanga, na Baba Pacha akasikia hatua zikienda upesi sebuleni na mnong'ono ukisema kwenye simu:

"Mwanangu, acha kazi uje. Usikimbie, usije ukagongwa na gari. Lakini njoo."

Mkewe alifika baada ya nusu saa, na sare yake ya uuguzi mwilini. Alimkuta mama yake amekaa kwenye kiti karibu na mlango wa nje, mkoba mapajani, na mumewe jikoni anaosha kikombe ambacho tayari kilikuwa safi. Alisikiliza upande mmoja, akasikiliza wa pili, kisha akafanya jambo ambalo ilibidi lifanywe tangu siku ya kwanza. Aliingia chumba cha kupigia pasi, akatoa vitabu vyote kumi na kimoja, akavipanga juu ya meza ya kulia mbele ya mama yake. Jina la mumewe lilikuwa kwenye kila jalada. Juu kabisa akaweka michoro ya bibi mshonaji.

Mama mkwe alivaa miwani. Vitabu alivipita haraka, isipokuwa yule punda, ambaye alimtazama kwa muda, wakaelewana. Kwenye michoro ya bibi alisimama. Aligeuza karatasi ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Huyu hajawahi kushika sindano," mama mkwe akasema.

Akaendelea. Mkasi ameushika kama kisu cha mkate. Kitambaa hakilazwi hivyo, kitamkimbia. Na kwa nini mikono yake imevimba, anaumwa? Hakusema kwa ukali. Alisema kama fundi anayepokea kazi ya fundi mwingine ili airekebishe. Kisha aliomba sindano, uzi na kipande cha nguo, akasogeza kiti dirishani, akaanza kupinda pindo ili mkwewe aone.

Na Baba Pacha akaona. Alikuwa ameishi miaka kumi na moja bila kuitazama mikono ya mama mkwe wake, kwa sababu hakuna mkwe mwenye akili timamu anayemkodolea macho mama mkwe. Sasa alikuwa ameamriwa akodoe. Kidole cha shahada cha kulia kilikuwa na ngozi ngumu iliyotobolewa tobolewa kama sehemu ya juu ya chombo cha chumvi. Dole gumba lilikuwa limepinda kuelekea nje, limelazwa hivyo na mkasi kwa miaka thelathini na minane. Mkono wa kushoto haukukaa bure hata kidogo. Ulilisha kitambaa, ukakivuta, ukakituliza. Alichukua penseli bila kuinoa, akachora mpaka mkewe alipoaga kurudi kazini, na hakukumbuka kumjibu.

Kesho yake, saa mbili kamili, mlango uligongwa. Mama mkwe alikuwa amevaa gauni la kutokea, hereni, na poda. Baba Pacha alimweleza, kwa uangalifu mkubwa, kwamba anachora mikono tu.

"Na hiyo mikono imeota wapi?" mama mkwe akauliza, akakaa.

Hivyo ndivyo maandalizi yalivyokufa. Mama mkwe aliendesha chumba kile kama alivyoendesha karakana yake, na saa mbili ilimaanisha saa mbili. Alitaka kujua kwa nini mtu anoe penseli saba ilhali ana mkono mmoja wa kuchorea. Alitaka kujua kioo kinamtafuta nani. Chai ililetwa saa nne, ikanywewa, vikombe vikaondoka. Kapu la nguo lilirudi kwenye kona yake, mashati yakapata kabati, na kwa mara ya kwanza Baba Pacha aliuona ukuta wa nyuma, uliokuwa wa kijani. Katika siku nane alimaliza michoro ya kurasa zote ishirini na nne. Jioni pacha walihesabu vidole, ukurasa kwa ukurasa, wakatangaza kwamba vimetimia. Hata yeye mwenyewe hakuamini. Alikuwa akiamka kwenda chooni anapitia chumba cha kazi kuitazama ile mikono, kuhakikisha bado ipo.

Ilipofika zamu ya kutia rangi, aliomba afanye peke yake, maana rangi ya maji haivumilii mazungumzo. Mama mkwe alikubali. Na hapo, akiwa peke yake na brashi nyembamba, Baba Pacha aliingiwa na adabu. Aliona si vizuri mama mkwe kuonekana na dole lililopinda mbele ya watoto wa watu. Akalinyoosha kidogo. Ngozi ngumu akailainisha. Mishipa akaizamisha, makovu ya pini akayafuta, na kucha akazipa umbo la lozi. Alipomaliza kurasa tisa, alijiona mkwe mwema kupita wote, akamwita aje aone.

Mama mkwe alitazama kwa muda mrefu.

"Hii mikono ni ya nani?"

"Ni yako, Mama."

Alivua miwani akaifuta, akaivaa tena, akatazama dole gumba.

"Mimi nilikata nguo za harusi, za shule na za misiba," akasema. "Huyu dada yako hajakata hata leso. Mpeleke kwenye tangazo la sabuni."

Hakununa, na hilo ndilo lililomtia Baba Pacha homa. Alisema asante kwa kumwonyesha, akaenda sebuleni, akawasha televisheni. Kesho yake saa mbili hakuna aliyegonga. Baba Pacha alinoa penseli saba. Hazikumsaidia. Aliweka zile kurasa tisa ukutani, kwenye ule ukuta wa kijani, akazitazama, na kadiri alivyozitazama ndivyo alivyoona kwamba mikono yake ni ya mtu asiyefanya kazi yoyote. Zilikuwa nzuri. Hata zile karoti za chuoni angalau zilikuwa na juhudi.

Akajua lazima zirudiwe zote, na siku zilikuwa zimebaki chache. Akampigia simu mhariri kuomba wiki moja zaidi, na kwa kuwa maji yalikuwa yamemfika shingoni, akaona bora atoe yote. Alikiri kwamba hajui kuchora mikono, hajawahi kujua, na kwamba vitabu vyote kumi na kimoja alikuwa akikwepa.

"Baba Pacha," mhariri akasema, "tunajua. Hapa ofisini tunaviita vitabu vya mifukoni."

Walijua tangu kitabu cha tatu. Yule mwalimu wa chaki walikuwa wamembandika kwenye mlango wa jokofu la ofisi. Hadithi ya bibi mshonaji aliletewa yeye kwa makusudi, mhariri alisema, kwa sababu mchoraji aliyeweza kumpa punda macho yale hakustahili kufa bila kuchora kidole. Wiki moja alipewa. Ila alitakiwa asogeze dirisha kwenye ukurasa wa sita, kidogo tu.

Kuomba radhi kwa mama mkwe lilikuwa jambo jingine. Alizunguka sebuleni mara mbili, mara ya kwanza akajifanya anatafuta gazeti, mara ya pili akajifanya amelipata. Hatimaye alisimama kando ya televisheni, akasema kwamba amekwama. Kwenye ukurasa wa kumi na moja bibi anakata shimo la mkono wa gauni, na yeye haelewi mkasi unapindaje pale bila kuchana kitambaa.

Mama mkwe hakuondoa macho kwenye kipindi. Alisema haupindi. Mkasi hausogei, kinachozungushwa ni kitambaa, na mtu yeyote anajua hilo. Baba Pacha akasema yeye hakujua. Alisema pia, akitazama gazeti, kwamba zile kurasa tisa ameziondoa.

"Kipindi hakijaisha," mama mkwe akajibu.

Kilipoisha alikuja. Safari hii hakuwa na poda wala hereni, alikuwa na nguo ya nyumbani na mkasi wake mwenyewe, mweusi, mzito, alioutoa chini kabisa ya mkoba. Alikata gazeti lote la juma lile, mashimo ya mikono matupu, na Baba Pacha alipaka dole gumba likiwa limepinda vilevile lilivyopinda. Alipolionyesha, mama mkwe alisema limepinda zaidi ya hapo. Akalipinda zaidi. Walibishana kuhusu kovu moja lililo karibu na kifundo, yeye akidai ni la pini na mama mkwe akidai ni la mtoto wake wa pili alipokuwa anaota meno, na kwa kuwa mwenye mkono ni mwenye mkono, kovu likabaki na alama za meno.

Paa lilikamilika, baada ya miezi miwili na si mmoja, mama mkwe akarudi kwake. Kitabu kilitoka miezi kadhaa baadaye. Maktaba ya watoto iliandaa asubuhi ya kukisoma, na mchoraji akaalikwa aeleze kazi yake. Alikuwa ameandika maelezo kwenye karatasi mbili, pamoja na sehemu ya kuchekesha kuhusu maandalizi. Hakufika huko. Mtoto wa mstari wa mbele aliuliza kwa nini bibi ana kidole kibovu, na kabla Baba Pacha hajafungua kinywa, sauti iliyozoea cherehani sita ikatokea viti vya nyuma, ikisema kwamba si kibovu, kimesoma.

Mama mkwe alikuja mbele. Aliwaonyesha dole, akawaruhusu waliguse, mmoja mmoja, kwenye foleni. Aliwaeleza kuhusu pini, kuhusu leso, kuhusu gauni la bibi harusi aliyekuja kuchukua nguo yake akakuta amenenepa. Mkutubi alitazama saa, kisha akaacha kuitazama. Msichana mmoja kwenye foleni alikuwa na kifungo kinachoning'inia. Mama mkwe alimkalisha pembeni, akatoa sindano na uzi kwenye mkoba, akaanza kukishona pale pale bila kukatiza hadithi.

Baba Pacha akajikuta hana kazi. Alikunja maelezo yake, akageuza upande mtupu, akaanza kuwachora wawili hao na ule mkono unaovuta uzi. Hakuna aliyemwagiza. Msichana, ambaye alikuwa ameambiwa asitingishike, alimfuatilia kwa macho.

"Unajua kuchora lori?" akamuuliza.

Alisema anajua. Alimchorea lori kwenye kona ya karatasi, na msichana akalikagua vizuri, akamwambia matairi hayatoshi.